Mawe, Mnyaa na Mabati: Nyumba za Nyanza Kusini na Majarida Yaliyochelewa

Mwaka 1965 jarida la Man la jijini London lilichapa dokezo juu ya maboma ya mawe ya Nyanza Kusini. Mwandishi wake, Neville Chittick, alikuwa mwanaakiolojia aliyejulikana zaidi kwa kuchimbua magofu ya Kilwa Kisiwani, na kazi yake ilikuwa imemzoesha kuta za matumbawe na chokaa. Safari hii alikuwa akiandika juu ya kuta ambazo hazijawahi kuonja chokaa. Miaka 2 baadaye, Laurel Lofgren akaandika juu ya maboma hayo hayo katika Azania, jarida changa la taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, lililokuwa limeanza kutoka mwaka 1966. Hapo ndipo mawe ya Nyanza Kusini yalipoanza maisha ya pili, maisha ya karatasi. Kuta zenyewe zilikuwa zimekwisha simama kwa karne kadhaa, na watu wa mwisho kulala ndani yake walikuwa wamehama.

Mtu aliyezoea majarida ya usanifu ya siku hizi, yenye sebule zinazong'aa na mapazia yaliyochaguliwa kulingana na rangi ya zulia, anaweza kudhani kwamba usanifu huanza siku mpiga picha anapobisha hodi. Katika nchi ambayo leo imegawanywa kati ya kaunti za Migori na Homa Bay, mpiga picha alifika wakati kazi kubwa imekwisha kufanywa. Alipiga picha ya ukuta. Mpangilio wa boma, yaani nani anajenga wapi, lini, na mlango unatazama nini, haukuingia kwenye picha, na kwa maoni yangu huo mpangilio ndio usanifu wenyewe. Umeishi kuliko mawe, umeishi kuliko nyasi, na dalili zote ni kwamba utaishi na mabati pia.

Tuanze na mawe hata hivyo, kwa sababu yanastahili.

Thimlich Ohinga iko kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, si mbali na Ndhiwa upande wa Homa Bay. Ina maboma makubwa 4, yanayoitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, majina ya watu walioishi humo. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kuanzia mita 1 hadi 3. Hakuna jiwe lililochongwa. Hakuna udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Wajenzi waliokota mawe kama yalivyo, ya maumbo na ukubwa tofauti, wakayapanga kwa safu 3: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati kifusi cha mawe madogo kilichoshikamanisha zile mbili. Uzito wenyewe ndio uliofanya kazi ya saruji. Mahali ambapo ukuta ungeweza kulemea upande mmoja waliuongezea mawe ya kuuegemeza, na ukauzunguka uwanja kwa mkunjo laini, bila pembe. Pembe ndiyo sehemu ya kwanza kubomoka katika ukuta usio na chokaa, jambo ambalo fundi yeyote wa mawe atakuambia bila kuulizwa.

Milango ndiyo inayoonyesha akili ya mjenzi. Iliachwa mifupi makusudi. Anayeingia hana budi kuinama, na mtu aliyeinama, kichwa mbele na mkuki nyuma, hana ujanja mbele ya anayemngojea ndani. Juu ya mlango liliwekwa jiwe refu la kubeba uzito wa ukuta, kile ambacho mafundi wetu leo wanakiita linta. Pembeni mwa mlango, kwa ndani, palikuwa na mahali pa walinzi. Chini ya ukuta yaliachwa matundu madogo ya mraba ya kupitisha maji na uchafu, kwa sababu uwanja uliozungushiwa mawe na kujaa ng'ombe ungegeuka ziwa mvua za masika zikianza.

Na ndani? Wachimbaji walikuta alama za misingi ya nyumba za mviringo, vizizi vya ndama na mbuzi, mawe ya kusagia nafaka, na mahali palipofanyiwa kazi ya chuma. Ulikuwa mji mdogo, ng'ombe katikati na watu pembeni. UNESCO inakadiria kwamba ulijengwa katika karne ya 16. Nani aliweka jiwe la kwanza ni suala ambalo wataalamu wamelijadili kwa muda mrefu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walianza watu wa lugha za Kibantu waliotangulia hapa, kisha Wajaluo walipofika wakazikuta kuta, wakahamia ndani, wakazikarabati na kuziongeza kwa mtindo ule ule. Kwa hiyo ukuta huo ni kazi ya mikono ya watu wasiozungumza lugha moja, waliopokezana ufundi bila ya kuuandika popote. Wala Thimlich haikuwa peke yake. Watafiti wamehesabu maboma ya mawe 521 katika maeneo 138 ya nchi hii. Thimlich ni kubwa kupita mengine, na ndiyo iliyosalia vizuri zaidi.

Idadi hiyo inanifanya nijiulize ilikuwaje maandishi ya mwanzo ya Wazungu yakawa kimya hivi juu ya mawe. Mwaka 1907, ule ule ambao kituo cha serikali kilifunguliwa Kisii, afisa kijana wa Kiingereza, Geoffry Northcote, alichapisha katika jarida la taasisi ya kifalme ya anthropolojia makala juu ya wale aliowaita Wakavirondo wa Kinailoti, yaani Wajaluo. Northcote alikuwa mtu wa kuangalia vitu: alikusanya vyombo, mapambo na silaha. Alikuwa pia mtu wa kutoza kodi na kutwaa ng'ombe, na Januari 1908 kijana wa Kigusii kutoka Kitutu, aitwaye Otenyo, alimchoma mkuki. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Katika kazi kama yake, nyumba ya Mwafrika ilikuwa na sura mbili tu: kitu cha kueleza mila, na kitu cha kuhesabu. Kodi ya serikali ilikuwa kodi ya nyumba, na boma la mtu mwenye wake 3 lilikuwa, katika daftari la karani, nyumba 3 za kulipiwa.

Baadaye alikuja Edward Evans-Pritchard, mwaka 1936, akiwa na kamera. Alikaa na Wajaluo kwa wiki chache tu, lakini picha alizopiga, ambazo sasa ziko katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford, ni miongoni mwa kumbukumbu bora za boma la Kijaluo kabla ya Vita vya Pili. Katika picha hizo unaona mageti, paa za nyasi zilizoshuka hadi karibu na ardhi, maghala ya nafaka juu ya miguu yake. Mwenyewe, alipoandika, aliandika juu ya koo na ndoa. Picha zilibaki kwenye makabati ya Oxford kwa miaka 70. Mwaka 2007 zilirudishwa kwa wenyewe: Gilbert Oteyo, kwa ushirikiano na jumba hilo la makumbusho, alizipeleka Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, na watu wakazitazama hadharani vijijini. Sijui jarida la usanifu lililowahi kupata wasomaji wanaostahili kuliko hao.

Juu ya mawe, hatua ya mapema zaidi ilitoka upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1944 Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyegeuka mwanajiografia, alichapisha katika Tanganyika Notes and Records orodha yenye maelezo ya majengo ya mawe ya wenyeji wa Afrika Mashariki. Kichwa chake tu kilikuwa hoja. Hizo zilikuwa zama ambazo baadhi ya walowezi wa Rhodesia walikuwa bado wanakataa kwamba Waafrika ndio waliojenga Zimbabwe Kuu, ingawa Gertrude Caton-Thompson alikuwa amekwisha chimba huko mwaka 1929 na kuonyesha vinginevyo. Kusema kwamba kuna majengo ya mawe ya wenyeji, mengi kiasi cha kuhitaji orodha, hakukuwa jambo la kupita hivi hivi.

Lakini wakati wataalamu wanaanza kuorodhesha mawe, wenye nyumba walikuwa wamekwisha yaacha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watu walitoka ndani ya ohinga, yaani maboma ya mawe, mmoja mmoja na kujenga nje. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku vita vya koo, na wizi wa ng'ombe ukapungua. Ukuta wa mita 4 ukawa kazi isiyo na sababu. Badala ya mawe wakapanda mnyaa, mti wenye utomvu mweupe unaochoma macho, ambao Wajaluo wanauita ojuok. Ua wa mnyaa hauhitaji mikono 100 ya kubeba mawe. Unakata vijiti, unavichomeka, mvua inafanya mengine. Ng'ombe hawauli, na nyoka, wazee wanasema, hawaupendi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo majarida yalilipita. Mawe yalibaki nyuma, lakini ramani ilihama na watu. Uwanja wa mviringo au wa yai, geti moja kubwa, zizi katikati, nyumba zikizunguka: mtu akitoka Thimlich akaingia katika boma lililozungushiwa mnyaa huko Ndhiwa au Karungu, angejua aelekee wapi bila kuelekezwa.

Ramani hiyo ina kanuni, na kanuni hizo hazikuchorwa kwenye karatasi. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hujengwa mahali pa juu, mlango ukitazama geti. Mke wa pili hujengewa upande mmoja, wa tatu upande mwingine, na kuendelea kwa kupokezana, hivyo kwamba mgeni aliyesimama getini anaweza kusoma historia ya ndoa za mwenye boma kabla hajasalimia. Wavulana wakikua hujenga vibanda vyao, simba, chini karibu na geti, nao kwa kupokezana pande mbili kulingana na kuzaliwa. Mdogo hawezi kumtangulia mkubwa. Karibu na zizi husimama duol, nyumba ndogo ya mzee, mahali pa moto wa jioni, wageni wa kiume na mashauri. Msanifu wa Ulaya huchora kwanza, kisha watu wakahamia. Hapa watu ndio mchoro: boma huongezeka nyumba kadiri ukoo unavyoongezeka, na kila nyumba mpya ina mahali pake palipongojea.

Kuanzisha boma jipya, goyo dala, ni kazi yenye utaratibu wake. Mwanamume aliyeoa na kupata watoto hutoka kwa baba yake alfajiri. Yeye hushika jogoo, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, mkewe hubeba moto. Ndugu na majirani hufika, na nyumba ya kwanza lazima isimame siku hiyo hiyo, kwa sababu usiku ni lazima walale humo. Ni nyumba ya fito na udongo mbichi, ya haraka. Ile ya kudumu itajengwa baadaye. Anayevunja utaratibu, kwa mfano akatangulia kujenga kabla ya kaka yake, hujiletea chira, balaa linalomla yeye na watoto wake. Ukipenda, ziite sheria za mipango miji. Zinatiiwa kuliko sheria nyingi za kaunti ninazozijua.

Mwaka 1993, Michael Dietler na Ingrid Herbich walichapisha katika World Archaeology makala iliyoonyesha kwamba boma la Kijaluo hupima muda: mahali nyumba iliposimama na mfuatano wa kujengwa kwake hueleza nani alimtangulia nani, na maisha ya boma hufuata maisha ya mwenyewe hadi mwisho. Hilo la mwisho ni muhimu. Juu ya paa la nyasi la mwenye boma huchomoza kijiti, osuri. Akifa, osuri huondolewa. Paa la nyumba ya mjane halikarabatiwi ovyo ovyo, na baada ya kizazi kupita boma huachwa, nyumba zikaanguka, na uwanja uliorutubishwa na samadi ya miaka mingi ukawa gunda, shamba zuri la mahindi. Nyumba hizi hazikubomoka kwa sababu ufundi ulikuwa dhaifu. Zilijengwa ziishi kadiri ya mwenyewe. Mwandishi aliyekuja kutafuta majengo ya kale na kuona mahindi alidhani hakuna kitu.

Tuingie ndani basi, maana huko majarida yalifika kwa nadra kabisa. Nguzo zilizozunguka ukuta zilishika paa na kufanya baraza la kukaa wakati wa jua. Ukuta wenyewe, wa fito zilizofumwa, ulisimamishwa na wanaume. Kukandika na kusiriba ilikuwa kazi ya wanawake. Walichanganya udongo wa kichuguu au wa mtoni na samadi ya ng'ombe, wakalainisha kwa kiganja, wakaacha ukauke, wakarudia. Tabaka la mwisho lilitiwa rangi kwa udongo mwekundu, jivu au udongo mweupe, na alama za vidole vilivyopita kwa nusu duara zikabaki. Sakafu ilisiribwa vivyo hivyo na kurudiwa kila ilipochakaa. Ndani palikuwa na mafiga, mitungi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, mkubwa wa maji ukikaa mahali pa baridi, sehemu ya kulala upande wa ndani, na mahali pa watoto wa mbuzi usiku. Kazi hii ilihitaji kurudiwa kila mwaka, hivyo kila mwaka mwenye nyumba alipata ukurasa mpya wa kuchora. Ukosefu wa majina ya wanawake hao katika maandishi yote niliyotaja hapo juu ni pengo ambalo hakuna maonyesho yatakayoliziba.

Mwishoni mwa mwaka 1906 wamisionari Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Mkanada Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, walishuka Kendu Bay na kujenga kituo katika kilima cha Gendia. Pamoja nao iliingia nyumba yenye pembe. Carscallen alijifunza lugha, akatunga sarufi ya Dholuo, na mwaka 1913 kiwanda kidogo cha kupiga chapa kikaanza kazi Gendia. Kwa hiyo Homa Bay ilikuwa na mtambo wa uchapaji kabla ya sehemu nyingi za Kenya, na kiwanda hicho kimeishi, kikibadilisha majina, hadi kuwa Africa Herald Publishing House ya leo, palepale Kendu Bay. Kilichapa masomo ya Biblia, nyimbo na magazeti ya kanisa. Hakikuchapa jarida la nyumba, na hakikuhitaji. Kituo chenyewe kilikuwa jarida. Wanafunzi waliona chumba cha kulala kilichotengwa na jiko, dirisha lenye mbao, meza, kitanda cha miguu 4, wakarudi nyumbani na mawazo hayo vichwani. Walioitwa jonanga, watu wa nguo, walianza kujenga nyumba za mraba ndani ya maboma yale yale ya mnyaa, na nyumba za mraba zikawa alama ya aliyesoma.

Mraba una sababu zake nyingine zisizo za dini. Mabati, bidhaa iliyopewa hataza London mwaka 1829, hayakunjiki kufuata duara. Ni karatasi ndefu iliyonyooka. Inataka ukuta ulionyooka. Maduka ya Wahindi ya Kendu Bay, Homa Bay na Karungu yaliyaleta, pamoja na misumari na bawaba, na mwenye fedha za pamba, samaki au mshahara wa Nairobi aliyanunua kidogo kidogo. Fanicha nazo zilitaka pembe: kabati halikai vizuri kwenye ukuta wa mviringo. Mafundi wa kuezeka nyasi walipungua kimya kimya, jambo ambalo jarida lolote la miaka ya 1950 au 1960 lingeweza kuliandika kama lingekuwa limemtuma mtu.

Mwaka 1967 ulikuwa wa aina yake. Ndio mwaka ule wa makala ya Lofgren. Ndio mwaka Bethwell Ogot alipotoa kitabu chake cha historia ya Wajaluo wa kusini, kilichoonyesha kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kubeba historia yenye tarehe. Na ndio mwaka Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, AAK, kilipoundwa. Wasanifu hao walikuja kuwa na jarida lao, Plan East Africa, katika miaka ya 1970. Kipindi hicho macho ya Nairobi yalikuwa juu: jengo la KICC la Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso lilikamilika mwaka 1973, na nchi changa ilitaka kuonekana katika saruji. Siwalaumu. Lakini ajabu ni kwamba ukumbi wa mviringo wa KICC, wenye paa lililochongoka, unasifiwa hadi leo kwa kukumbusha kibanda cha Kiafrika, wakati vibanda vyenyewe vilikuwa vinaondoka Nyanza Kusini bila kupimwa.

Aliyewarudisha wasomaji wa kawaida kwenye mawe hakuwa msanifu. Simiyu Wandibba, mwanaakiolojia, aliandika juu ya Thimlich mwaka 1986 katika Kenya Past and Present, jarida la Kenya Museum Society ambalo mtu asiye mtaalamu anaweza kulisoma akinywa chai. Serikali ilikuwa imekwisha tangaza mahali hapo kuwa kumbukumbu ya taifa mapema katika miaka hiyo ya 1980. Isaya Onjala alichukua kazi kubwa zaidi, ya kutembelea na kuorodhesha maboma mengine, na matokeo yake juu ya mtawanyiko wa maboma hayo yakatoka katika Azania mwaka 2003. Mwaka 2000 World Monuments Fund iliiweka Thimlich katika orodha yake ya mahali palipo hatarini. Hatari ilikuwa ya kawaida kabisa: mizizi ya miti iliyoota ndani ya kuta ikiyasukuma mawe, mti ukianguka na kuchukua ukuta pamoja nao, wageni na mifugo wakipanda juu.

Kati ya makala ya Wandibba na kazi ya Onjala, Kenya nzima ilipata somo la usanifu wa Kijaluo kutoka mahali pasipotarajiwa. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilichukua miezi. Profesa wa falsafa Henry Odera Oruka alikuwa miongoni mwa walioitwa kueleza mila. Hoja moja iliyorudiwa mahakamani ilikuwa kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba nzuri mjini, yenye bustani na umeme, na bado asiwe na dala, kwa sababu dala huanzishwa kwa jogoo, shoka na moto katika ardhi ya baba zake. Ukoo ulishinda, na akazikwa Mei 23, 1987. Mtu anaweza kukasirishwa na hukumu ile, hasa kwa ajili ya mjane, na wengi walikasirika. Lakini hakuna jarida lililowahi kueleza kwa Wakenya wengi kiasi kile kwamba mpangilio wa boma si mapambo.

Kisiwani Rusinga, Homa Bay, kuna jengo linalosema jambo la karibu na hilo kwa lugha nyingine. Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi, Julai 5, 1969, akazikwa nyumbani kwao. Kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Ni wazo la wazi mno kwa ladha yangu, lakini hakuna anayelisahau akishaliona, na limesimama ndani ya ardhi ya ukoo kama kanuni inavyotaka.

UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, ikawa ya 7 kwa Kenya. Eneo lililolindwa ni hekta 21, na kulizunguka kuna hekta 33 za tahadhari. Majarida ya ndege na ya utalii yakafuata, na picha ni zile zile: ukuta, mlango mfupi, mgeni aliyeinama. Ukarabati unaendelea kufanywa kwa safu 3, bila saruji, na wenyeji wanaojua kuchagua jiwe linalokaa.

Maboma mengine zaidi ya 500 yako nje ya hekta hizo, mengi yao katika mashamba ya watu. Mengine yamebaki mistari ya mawe katikati ya mtama. Mengine mawe yake yamebebwa kujengea mazizi na misingi ya nyumba mpya. Nyumba hizo ni za matofali na mabati ya rangi, ramani zake zimetoka kwenye simu ya fundi, zina sebule, vyumba vya kulala na choo cha ndani. Ramani ya simu haina geti wala mke wa kwanza. Fundi akishaweka kamba ya msingi, mzee huja kuangalia mlango wa mbele unatazama wapi, na ikibidi kamba huzungushwa kabla ya jembe la kwanza.